Mizani ya Mlango wa Zizi

Kama umewahi kushuka korongo letu ukiwa juu ya nyumbu, basi mimi ndiye yule mzee mwenye kofia pana aliyekuwa mbele, aliyekuambia usiangalie chini, halafu akakuambia angalia chini. Jina langu Verl Jolley. Nimezaliwa Fredonia, Arizona, penye vumbi, nitazikwa kwenye vumbi hilohilo, na hapo katikati nimelimeza la kutosha kukandika nyumba.

Nyumbu ninaowasema ni hawa wa baba punda na mama farasi, si wale wa mbugani. Watu hudai ni wakaidi. Si kweli, wanajipenda tu. Nyumbu hakanyagi mahali patakapomwua, na wewe uliyekaa mgongoni mwake unapona kwa sababu umeshikana naye. Hutembea pembeni kabisa mwa njia, upande wa shimo, mguu wako wa nje ukining'inia hewani, maana amezoea kubeba masanduku na hataki yagonge jabali. Hapo wageni wengine husali, wengine hulia. Mimi husinzia.

Lakini sehemu ya kazi niliyoipenda kuliko zote haikuwa njiani. Ilikuwa juu, ukingoni, asubuhi, mlangoni mwa zizi, penye mizani.

Mizani yenyewe ilikuwa ya zamani, ya kupimia magunia: jukwaa pana la chuma, mshale mwekundu, na uso wa duara unaosomeka na mtu aliye mwisho wa foleni. Sheria yetu ni ratili mia mbili, pamoja na nguo zako, viatu vyako na maji yako. Ukizidi, hupandi. Migongo ya nyumbu haina ubishi. Basi kila asubuhi mimi nilisimama pale na kusoma namba, na kwa kuwa Mungu alininyima sura akanipa mdomo, sikuishia kwenye namba.

"Bwana, umekuja peke yako, au kuna ndugu yako ndani ya hilo koti?"

"Mama, nyumbu anauliza kama leo wewe ndiye utambeba yeye."

Foleni yote ilicheka. Yule niliyempima naye alicheka, au alionyesha meno, sikuwa na muda wa kupambanua. Nilijiona fundi. Niliamini kabisa kwamba watu walisafiri kutoka mbali kuja kuona korongo na kumsikia Verl, na kwamba korongo lilikuwa la ziada.

Sisi viongozi wa msafara hatukupimwa. Bosi wa zamani alisema akitutazama tu anajua. Alikuwa na macho mabovu, Mungu amrehemu. Mimi mkanda wangu ulifika tundu la mwisho, nikatoboa jingine kwa msumari, kisha jingine. Hulda, nyumbu wangu, alianza kuguna kila nikipanda. Nilipoulizwa nilisema ana pumu ya kuzaliwa.

Aliyeninenepesha ni mke wangu, na nasema hivyo kwa mapenzi. Nadene ni mpishi wa Kambi ya Chini, kule kwenye kijito, ambako wageni wetu hulala kabla ya kupanda tena kesho yake. Nilishuka na msafara mara mbili kwa juma, na kila niliposhuka nilikuta meza: nyama ya kukaanga, maharage, mikate midogo ya siagi yenye mchuzi mzito wa soseji, na pai ya pichi ambayo ukiila unasahau kwamba una deni la kutembea duniani kwa miguu yako mwenyewe. Wageni wakishalala, nilikaa jikoni nikamhadithia vituko vyangu vya mizanini. Yeye alikuwa akiosha vyombo, amenipa mgongo, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Nilijua anacheka kwa kuyaona yale mabega.

Ulikuwa msimu wa tatu hajapanda juu. Alikuwa akisema juu kuna baridi, juu kuna upepo, juu kuna dada yako. Niliridhika na jibu hilo, hasa kwa sababu ya dada yangu.

Ndipo Marlys, binti yetu wa pekee, akasema anaolewa.

Harusi ilipangwa Jumamosi, mwezi wa kumi, jua likiwa limepunguza ukali, palepale ukingoni chini ya misonobari, mbele ya askofu wa kanisa letu la Fredonia. Nilimpigia Nadene simu ya kambini.

"Jumamosi saa tisa alasiri," nikamwambia. "Ijumaa nakuletea Seneta, alfajiri tunapanda pamoja."

Seneta ni nyumbu mpole wa rangi ya majivu. Alipewa jina hilo kwa sababu ana sauti kubwa na kazi hapendi.

"Sitakuja, Verl."

"Labda simu ni mbaya. Nimesema harusi ya Marlys. Marlys, binti yetu. Yule mrefu."

"Namjua, nilimzaa mimi. Jumamosi nimejaza wageni. Nani atawapikia?"

"Wafungulie makopo."

"Nitaoka pai, uipandishe kwa uangalifu. Mwambie nampenda." Kisha akakata simu.

Marlys hakulia mbele yangu. Alikwenda kulia mbele ya Hulda, na hilo liliniuma zaidi. Aliporudi macho yalikuwa makavu na amefunga nywele, na akifunga nywele yule mtoto hapindi.

"Baba, bila mama mimi sisimami mbele ya askofu. Wageni watakula chakula waende makwao."

"Kiti kimoja tu kitakuwa kitupu, mwanangu."

"Basi kaa wewe nyumbani, tuone kama ni kiti kimoja tu."

Mimi tayari nilikuwa na maelezo yangu. Bwana harusi, kijana mzuri tu wa Flagstaff, hali nyama. Nikasema hapo ndipo penye kisa: mwanamke aliyekaanga nyama maisha yake yote atapokeaje mkwe anayetafuna majani? Nikapanga hotuba ya kumtetea kijana. Nilishuka na hotuba hiyo kichwani, nikiwa na uhakika wa mtu asiyejua lolote.

Ijumaa asubuhi foleni ilikuwa ndefu na mimi nilikuwa na wasiwasi, na nikiwa na wasiwasi mdomo wangu hukosa kizuizi. Alikuja mwanamke mmoja wa Ohio, nguo zikimpwaya, uso umempauka. Mshale ukasimama chini kidogo ya mia mbili. Nikamwambia pita, mama, nyumbu atadhani amebeba kofia. Akacheka akafumba macho. Nyuma yake akaja mumewe, Bwana Pohl, mtu mkubwa, mpole, mwenye mikono ya kukandia unga. Mshale ukapita mia mbili ukaendelea na safari.

"Bwana Pohl," nikasema kwa sauti ya kufika mwisho wa foleni, "huyu nyumbu amekuja kazini, hakuja kuadhibiwa."

Watu wakacheka. Bwana Pohl hakucheka wala hakununa. Alishuka jukwaani polepole, akavaa kofia yake.

"Sawa kabisa," akasema. "Sheria ni nzuri. Na wewe je?"

"Mimi nini?"

"Wewe una ratili ngapi?"

Nikatafuta neno la kujibu. Miaka yote maneno yalikuja yenyewe bila kuitwa, siku ile hata moja halikutokea. Kaylene, bosi wetu mpya, binti wa juzi ambaye mimi ndiye nilimfundisha kufunga tandiko, alikuwa ameegemea nguzo na kikombe chake.

"Panda, mzee Verl," akasema.

"Kaylene, binti yangu, tumechelewa."

"Panda. Hulda ana kidonda mgongoni tangu juma lililopita na nimekuwa nikijiuliza kimetoka wapi."

Nikapanda. Nilivuta tumbo ndani, sijui kwa nini, kwani mizani haina macho. Mshale ukafika mia mbili, haukusalimia, ukapita. Kutoka mahali fulani nyuma ya foleni mtoto akaisoma ile namba kwa sauti, vizuri sana, kila tarakimu, na foleni yote ikacheka. Nyani haoni kundule, mama yangu alikuwa akisema, na mimi nilikuwa nimeionyesha foleni nzima.

"Humpandi Hulda leo," Kaylene akasema, taratibu, na taratibu ile ndiyo iliyoniumiza. "Thayne ataongoza msafara."

"Kaylene, kesho ni harusi. Lazima nimlete Nadene."

"Sikusema usishuke. Nimesema usipande. Chukua Hulda na Seneta, uwaongoze mkononi. Miguu unayo."

Miguu ninayo, lakini tulikuwa hatujatembeleana kwa muda mrefu. Thayne, kiongozi mwenzangu, akaondoka na wageni, nyumbu wakifuatana pua kwa mkia, kila mmoja akichungulia shimo. Mimi nikafuata nyuma nikivuta kamba mbili. Na pembeni yangu, akiwa na chupa ya maji na fimbo aliyoiokota, akawa anatembea Bwana Pohl.

"Chumba tumeshalipia kwa siku mbili," akasema. "Na mke wangu yuko mbele kule. Nimeona bora nitembee."

Nilikuwa na hasira naye, na hasira ilinifaa, maana ilinisahaulisha magoti. Hulda kila mara alisimama akanitazama, hajaelewa kwa nini mzigo wake umeamua kutembea. Kwenye kona ya nne au ya tano nilikaa kwenye jiwe, na Bwana Pohl akakaa kwenye jiwe jingine, akanipa maji.

"Nisamehe kwa yale ya asubuhi," akasema. "Sikukusudia kukuaibisha."

"Ulikusudia."

Akafikiri. "Kidogo," akasema. "Si kwa ajili yangu. Mimi nimeshazoea. Ni kwa ajili ya Lorraine, mke wangu. Tangu mwezi wa nane anajinyima chakula kwa sababu ya ile mizani yenu. Alisikia kwa jirani aliyewahi kuja kwamba kuna mzee pale mlangoni anayetania watu. Jana amelala na njaa. Alikuwa ananiuliza, huyo mzee ataniambia nini mbele za watu?"

"Nilimwambia nini?"

"Ulimwambia kofia."

"Kofia si neno baya."

"Amefurahi sana. Amelia kidogo, kwa furaha. Mimi sikulipenda jambo hilo, Bwana Jolley. Mke wangu kulia kwa furaha eti amepita kwenye mlango wa zizi." Akaifunga chupa yake. "Wanawake hawasemi. Yeye aliniambia hapendi chakula cha jioni. Miezi miwili, mimi mpishi, nikaamini kwamba hapendi chakula cha jioni."

Tukaondoka. Nikatembea hatua chache, kisha nikasimama katikati ya njia, na Hulda akanigonga mgongoni kwa pua. Nilikuwa namwona Nadene jikoni, amenipa mgongo, mabega yakitikisika. Nikajaribu kukumbuka lini nilimwona uso wakati akicheka vile vituko vyangu. Sikukumbuka. Nikakumbuka kwamba mara ya mwisho alipopanda juu tulimpima kwa mzaha tu, akapita kwa tundu la sindano, na mimi nikasema jambo. Sikumbuki nilisema nini. Najua tu kwamba watu walicheka.

Ile hotuba ya kumtetea mkwe mla majani nikaitupa pale pale.

Tulifika Kambi ya Chini jua likiwa limeshaacha sakafu ya korongo. Nilikuwa nachechemea miguu yote miwili, jambo ambalo ni gumu kulifanya kwa heshima. Nadene alitoka mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi, akaniona niko chini na Hulda mtupu nyuma yangu, akashika kifua.

"Umeanguka?"

"Nimepimwa."

"Nini?"

"Kwenye mizani. Mlangoni. Mbele ya foleni nzima. Nimezidi, mama. Mtoto mdogo ameisoma namba, na anasoma vizuri, shule zao si mbaya."

Nikamhadithia jikoni, nimekaa, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Sikuficha kitu. Nilimwambia nilivyovuta tumbo, nilivyomwita Kaylene binti yangu, jinsi Hulda alivyotoa pumzi ndefu ya shukrani. Nadene alianza kucheka taratibu, kisha akacheka mpaka akakaa, ananitazama usoni, machozi yanamtoka, amejishika mbavu. Niliufurahia sana uso ule. Halafu kicheko kikaisha na machozi hayakuisha.

"Kwa hiyo wote wanajua," akasema.

"Wote. Hata Ohio wanajua."

"Na bado umekuja."

"Nimekuja kukuchukua. Nadene, sababu si wageni, sivyo? Wala si yule kijana na majani yake."

"Majani yana kosa gani?" Alikunja kitambaa, akakikunjua. "Nimezidi tangu mwaka juzi, Verl. Nilijipima kwenye mizani ya mizigo hapa, usiku, kama mwizi. Nikasema nitapungua, halafu nitapanda. Nikapungua, nikarudi. Ndiyo hivyo."

"Si ungepanda kwa miguu? Wewe una miguu mizuri kuliko yangu."

"Ninayo. Ningeweza hata kesho." Akanitazama. "Lakini mke wa Verl Jolley, mwenye nyumbu, akionekana anapanda njia ile kwa miguu, watu watauliza nini? Na nikifika juu, pale mlangoni, wewe ungesema nini?"

"Nisingesema kitu."

"Ungesema. Usingeweza kujizuia. Ungesema, na ingechekesha."

Nilitazama miguu yangu ndani ya beseni. Niliona haya, na sijui namna ya kulisema hilo kwa uzuri: niliona haya kuliko asubuhi, kuliko ile namba. Foleni ilinicheka mara moja nikaona dunia imeisha. Yeye alikuwa amekaa shimoni misimu mitatu kwa kunikimbia mimi, na kila juma mimi nilimfuata hadi jikoni kwake kumhadithia.

"Samahani, mke wangu," nikasema.

"Maji yamepoa," akasema. "Ngoja nikuongezee."

Alinijazia beseni. Akabaki amesimama na birika.

"Marlys amesema bila wewe haolewi," nikamwambia. "Amefunga nywele."

"Amefunga nywele?"

"Zote."

Nilimwona anapiga hesabu za jikoni, na nikajua ameshaanza kupanda, kilichobaki ni udhuru tu. "Na hawa wageni? Siwezi kuwaacha watu na njaa, Verl, huo si utani."

Mlangoni pakasikika mtu anakohoa. Alikuwa Bwana Pohl, amekuja kuomba barafu ya kuweka gotini, na alikuwa amesikia sehemu, kwa sababu ukuta wa jikoni ile ni mbao na heshima tu.

"Mama," akasema, "mimi napikia shule. Watoto mia nne, kila siku, na kila mmoja hapendi kitu fulani. Nionyeshe unga ulipo, uende kwenye harusi ya mtoto wako."

Nadene akamwonyesha unga. Akamwonyesha pia jinsi ya kukaanga nyama, na Bwana Pohl akasikiliza kwa adabu.

Tulianza kabla ya kucha. Gauni lake la kuvaa harusini, la bluu, lilikuwa limekunjwa ndani ya mfuko wa tandiko la Seneta, na pai ya pichi juu ya Hulda, imefungwa kwa mikanda mahali ambapo mimi ndiye ninayestahili kukaa. Aliye juu mngoje chini, wanasema. Siku ile pai ilikuwa juu.

Kupanda ndiko kunakoua. Tulipofika penye mawe mekundu Nadene alikuwa anahema na mimi nilikuwa nimeacha kuhema, nilikuwa napiga mluzi wa kifua. Ndipo nikakumbuka jambo la wazee wetu, wakati nyumbu walibeba mizigo tu na watu walikwenda kwa miguu. Mtu akichoka, alishika mkia. Hufungi, hujizungushii mkononi, unashika tu, unamwacha mnyama akuvute, na ukianguka unaachia. Lakini lazima kwanza umwambie. Ukimshika nyumbu mkia bila taarifa anakurudisha ulikotoka, tena upesi.

"Sheria inasema nani akae mgongoni," nikamwambia Nadene. "Kuhusu mkia haisemi chochote."

"Kaylene atakasirika."

"Acha akasirike. Mshike Seneta. Mwambie habari za asubuhi."

Nadene akampapasa Seneta kiunoni, akamwambia habari za asubuhi, akashika mkia. Seneta akageuza shingo, akamtazama, akatoa hotuba fupi ya upande wa nyuma, akaanza kupanda. Nadene alicheka akaziba pua kwa mkono mmoja. Mimi nikamshika Hulda. Basi tukapanda hivyo, mke na mume, tumening'inia kwenye mikia ya nyumbu wawili, kona baada ya kona. Kila penye kivuli tulipumzika. Mara moja alinikatia kipande cha mkate, mara moja nilimfunga kamba ya kiatu, kwa kuwa wakati ule yeye ndiye hakuweza kuinama, na niliporudi kusimama yeye alinisaidia, kwa kuwa mimi ndiye sikuweza kuinuka.

Jambo moja nilikuwa nimelisahau. Kutoka ukingoni, kona zote za juu zinaonekana wazi. Mtu akisimama kwenye reli ya kuzuia watu wasitumbukie, pale chini ya misonobari, anakuona saa nzima kabla hujafika.

Nadene ndiye aliyetazama juu kwanza. Harusi nzima ilikuwa imepangana kwenye reli. Askofu na tai yake, wazazi wa kijana kutoka Flagstaff, Kaylene, wahudumu wa zizi, dada yangu. Saa tisa ilikuwa imepita na hakuna aliyeketi.

Nadene akauachia mkia.

"Wametuona," akasema.

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu kwenye lile jabali jeupe, nadhani."

Alijifuta uso kwa kiganja, akaongeza vumbi. Nilikuwa na utani mdomoni, tena mzuri, unaohusu dada yangu. Nikaumeza. Ni mkubwa kuliko pai yoyote niliyowahi kumeza, na haukushuka vizuri.

"Tunaweza kungoja hapa mpaka wachoke," nikasema.

"Hawachoki, Verl. Wanamwangalia mama wa bibi harusi amevutwa na punda."

"Nusu punda."

Alinitazama. Akaushika tena mkia wa Seneta, akamwambia twende baba, na wakatangulia wao.

Tukafika mlangoni mwa zizi. Watu walikuwa wametoka kwenye reli wakaja mpaka pale. Nadene aliachia mkia, akanyoosha mgongo, nywele zimesimama, gauni la bluu bado liko mfukoni. Mizani ilikuwa palepale, pembeni ya mlango. Nilimshika kiwiko nimpitishe haraka. Akatoa kiwiko chake mkononi mwangu, akaenda akapanda jukwaani, akageuka akatazama watu.

"Isome," akaniambia.

"Nadene."

"Si ndiyo kazi yako? Isome."

Mshale ulikuwa unatikisika, bado haujatulia. Mimi sikutazama. Naapa kwamba sikuitazama, na hadi leo sijui. Nilikanyaga jukwaa nikapanda nikasimama ubavuni mwake, na ule mshale ukaruka ukafika mwisho kabisa, ukagonga chuma, ukakaa hukohuko. Kaylene akainamisha kikombe chake, akamwaga kahawa yote chini, akageuka kwenda kuwanywesha nyumbu maji, kana kwamba hajaona mizani wala mikia.

Marlys akaja mbio, gauni jeupe ameliinua kwa mikono miwili, nywele zimefunguliwa. Akatukuta bado tumesimama pale juu, mama yake analia, nami nimemzungushia mkono kiunoni hadi pale mkono ulipoweza kufika.

"Mnafanya nini hapo?" akauliza.

"Baba yako anasoma mizani," Nadene akasema.

"Inasemaje?"

Nikautazama mshale, umekwama mwisho wa namba.

"Inasema tumefika," nikasema, na kwa mara ya kwanza mlangoni pale hakuna mtu aliyecheka.